Kumbukumbu ya mradi wangu: kulinganisha jibu la seva na kinachoonekana kwenye skrini

Programu ya simu ninayoitengenezea kikundi chetu cha kuweka na kukopa haina mpangilio wa skrini ya kwanza ndani yake. Mwanachama anapoifungua, seva hutuma JSON (data iliyoandikwa kwa mpangilio maalumu wa maandishi) inayotaja sehemu za kuchorwa na mfuatano wake, yaani kadi ya hisa, kadi ya marejesho, tangazo la kikao na kitufe cha kuomba mkopo, kisha programu husoma aina ya kila sehemu na kuichora. Utaratibu huu naupenda kwa sababu tangazo la kikao huwafikia wanachama wote bila kuwangoja wapakue toleo jipya. Hata hivyo, majaribio ya kiotomatiki yanayotazama skrini peke yake hayautoshi. Kadi ya marejesho isipoonekana, jaribio la Appium (zana inayoiendesha programu ya simu kama mtumiaji) hufeli bila kueleza kama seva haikuituma kadi hiyo, au iliituma na programu ikashindwa kuichora. Awamu hii yote nimeitumia kulifanya jaribio lenyewe lijibu swali hilo.

Kati ya emuleta (simu ya kuigiza kwenye kompyuta) na seva ya majaribio nimeweka mitmproxy, proksi inayosoma mawasiliano yanayopita katikati, na hati fupi ya Python inanasa kila jibu la skrini ya kwanza na kulihifadhi kwenye faili ambalo jaribio hulisoma. Ili isome mawasiliano yaliyosimbwa, mitmproxy hutumia cheti chake yenyewe, lakini tangu Android 7.0, programu haziamini vyeti vilivyoongezwa na mtumiaji mpaka zielekezwe hivyo, kwa hiyo ruhusa hiyo nimeiandika chini ya debug-overrides (sehemu inayotumika kwenye toleo la majaribio tu) katika usanidi wa usalama wa mtandao, mahali ambapo haiwezi kuingia kwenye toleo wanalotumia wanachama. Hilo nalichukulia kwa uzito, kwa kuwa hizi ni fedha za watu.

Jibu likishanaswa, hukaguliwa kwanza peke yake kwa kutumia JSON Schema, yaani kanuni za umbo la data: kila sehemu iwe na aina na kitambulisho, kiasi kiwe namba na si maandishi, na orodha ya sehemu isiwe tupu. Sharti hili la mwisho lina maana kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu seva inaweza kurudisha msimbo 200 (maana yake ombi limefaulu) pamoja na orodha isiyo na kitu, na anayetazama msimbo peke yake ataona kila kitu ni salama huku mwanachama akitazama skrini nyeupe.

Sehemu iliyonichukua muda mrefu zaidi ni kuhakikisha kwamba jibu ninalolikagua ndilo lililochora skrini ninayoiona. Programu huonyesha kwanza jibu la zamani lililohifadhiwa kwenye simu, kisha hulibadilisha jipya linapofika, na jaribio likiwahi hulinganisha skrini ya jana na jibu la leo. Kusubiri sekunde kadhaa si dawa, kwani mtandao ukizorota sekunde hizo hazitoshi. Sasa seva inaweka kitambulisho cha kipekee ndani ya kila jibu, na programu hukibandika kama lebo kwenye chombo kikuu cha skrini, jambo linalowezekana katika Compose (zana ya kuchora skrini za Android) kwa kuwasha testTagsAsResourceId ili Appium iione lebo hiyo. Jaribio husubiri mpaka vitambulisho viwili vifanane, ndipo linapoanza kulinganisha.

Ulinganishaji nao una mambo yake. Seva hutuma 50000, skrini huonyesha «TSh 50,000», hivyo jaribio lina kanuni yake ya kuandika fedha, ambayo nimeitenga kabisa na ile ya programu ili kosa la upande mmoja lisijifiche katika upande wa pili. Aidha, LazyColumn (orodha ya kushuka ya Compose) haichori kadi zilizo mbali chini, kwa hiyo jaribio hushuka hatua kwa hatua, likikusanya vitambulisho, kabla ya kutamka kwamba kadi fulani haipo.

Kwa kuwa proksi inaweza pia kulibadilisha jibu njiani, nimeanza kutuma sehemu za aina ambayo programu haijawahi kuiona, kwa sababu ndivyo itakavyokuwa kwa mwanachama ambaye hajasasisha programu yake. Hapa kuna jambo ambalo kila anayetumia kotlinx.serialization (maktaba ya Kotlin ya kusoma data kama JSON) anapaswa kulizingatia: ignoreUnknownKeys huruka sifa ngeni ndani ya sehemu inayojulikana, lakini aina ngeni ya sehemu bado huangusha usomaji wa jibu zima, mpaka kisomaji cha akiba kisajiliwe kwa polymorphicDefaultDeserializer. Kadi moja mpya ya faini ingeweza kuwanyima wanachama wa toleo la zamani hata salio la hisa zao. Jaribio sasa linadai mambo mawili kwa pamoja: kadi ngeni isichorwe, na zilizobaki zichorwe zote kwa mfuatano uleule.

Ukaguzi huu unaendeshwa kila ninapobadilisha msimbo wa seva, na ripoti yake hutaja upande wenye kasoro pamoja na kitambulisho cha sehemu husika. Kinachofuata ni kuhifadhi APK (faili za kusakinishia programu) za matoleo yaliyotangulia na kuzipitisha zote kwenye seva mpya, nikianza na toleo la zamani kuliko yote ambalo bado lina mwanachama anayelitumia.