Mzee wa kreni na pedi ya namba

Hii ilikuwa 2010, nlikuwa nashika saiba moja ndogo Mji wa Kale, Mombasa, jirani na Ndia Kuu, kompyuta sita na printa moja, na jioni ikifika harufu ya viazi karai inatoka barabarani mpaka inajaa ndani. Baada ya laasiri akaingia mzee mmoja, kanzu na kofia. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, zile picha zangu ziko?

Zilikuwepo. Siku ya kabla yake aliniletea bahasha ya picha za zamani za marehemu mkewe, nikaziskani zote, arubaini na kitu. Sasa alitaka zigawanywe, za arusi kando, za watoto kando, za Lamu kwao mkewe kando, halafu ziende kwenye flashi apelekewe binti yake Maskati.

Akakaa, akashika mausi. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka, na si kidogo. Akiibonyeza picha na kuanza kuivuta, kidole kinaachia katikati ya safari, picha ya arusi inaangukia folda ya Lamu, tunairudisha, inaanguka tena pengine. Mara ya nne akautoa mkono akauweka mapajani na kuufunika na ule mwengine. Nikamwambia mzee wacha mimi, ni dakika kumi tu. Akanambia kwa upole kabisa, "Wewe hujui nani alikuwa nani, mwanangu."

Kwa kweli hilo neno lilinichoma, maana alikuwa na haki, ile kazi haikuwa yangu.

Hapo nikakumbuka kitu binamu yangu alinionesha siku mausi ilipokufa na wateja wamejaa. Ukishika Alt ya kushoto na Shift ya kushoto kwa pamoja halafu ukabonyeza Num Lock, Windows inalia na kisanduku kinakuja kuuliza kama unataka Mouse Keys, unakubali kwa Enter, na kuanzia hapo zile namba za kulia kwenye kibodi ndizo zinazoendesha kishale. 8 juu, 2 chini, 4 kushoto, 6 kulia, na 7, 9, 1, 3 zinakwenda mshazari. 5 ndiyo kuklik, alama ya kujumlisha ni kuklik mara mbili. Ukigonga mara moja kishale kinasogea kiasi cha nukta tu, ukishikilia kinaanza polepole halafu kinashika kasi. Ila lazima Num Lock iwe inawaka, ikizimwa namba zinarudi kuwa mishale ya kawaida na utadhani imeharibika.

Na kuna mbili ambazo ndizo tulizokuwa tunazihitaji sisi. 0 inakamata, yaani ni kama umeshika kitufe cha mausi hukiachii, hata ukiondoa mkono wote kibodini bado imekamata. Nukta iliyo kando yake inawachia.

Nikamueleza yote hayo haraka haraka, nikidhani ntarudia mara tatu. Mzee akaitazama ile pedi, akauliza, "Kwa hivyo hii inanyanyua, hizi zinapeleka, na hii inashusha?" Nikasema ndiyo hivyo. Akatabasamu. "Mimi nimeendesha kreni bandarini Kilindini miaka ishirini na saba."

Akaegemeza kiganja mezani, akatumia kidole kimoja tu. Mkono bado ulitetemeka, lakini sasa kutetemeka hakukuwa na pa kukipeleka kishale, kishale kinasikiliza namba peke yake. Akafika juu ya picha ya kwanza, 0, akashikilia 6, akapitiliza kidogo, akarudi na 4 kwa kugonga gonga, akasimama sawasawa juu ya folda, nukta. Ikaingia. Hakunitazama, akaenda ya pili. Na kila picha anaisemesha, huyu ni shangazi yake, hapa ndo tumetoka bomani, huyu mtoto alitutoka akiwa na miaka miwili. Mimi nlikuwa nimesimama nyuma yake, wateja wengine wananiita nawaambia ngojeni.

Picha moja aliikamata akakaa nayo. Mkewe, msichana bado, amesimama kwenye ngazi na leso mbili. Akainua mkono kabisa kutoka kibodini, picha ikabaki imening'inia kwenye kishale haianguki, na yeye anaiangalia. Muadhini akaadhini magharibi. Mzee akashusha kidole, nukta, ikashuka folda ya arusi.

Akaniomba nimuandikie kwenye karatasi, 0 kamata, nukta wachia, na zile tatu za kuwashia. Akaikunja akaitia kwenye mfuko wa kanzu, akaondoka kwenda kuswali. Alhamisi yake akarudi na bahasha ya pili, na kabla sijafika kwenye meza yake nikasikia ile mashine inalia, keshawasha mwenyewe.