Vikikubana, Usivumilie

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya kulipia pamoja na kitinda mimba wangu, yule mwenye maswali. Zamu yetu ilipokaribia akanivuta mkono. "Mama, mbona kila ukifika kwa muuzaji unamtazama kwanza kifuani?"

Hakunong'ona. Dada wa kaunta alicheka, nami nikajichekesha, nikalipa haraka tukaondoka. Kumbe nilikuwa nasoma beji. Ile kazi ya uteja wa siri, ya kulipwa ujifanye mnunuzi wa kawaida ili upime huduma bila wahudumu kujua, niliiacha miaka mingi iliyopita, ila jicho halina habari kwamba tumeacha. Linaanza na jina, linaruka kwenye saa ya ukutani, linahesabu walionitangulia, linashuka sakafuni kuona kama pamepigwa deki, ndipo linapanda kwenye sura ya mtu, tena likiwa na nafasi. Jioni nikiosha vyombo nikajikuta namfikiria kijana mmoja ambaye beji yake naikumbuka vizuri kuliko uso wake. Jina lake silitaji. Nimeshaliandika mahali pamoja na inatosha.

Enzi zile za uteja wa siri, basi. Ulikuwa mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ndiyo msimu wa waratibu, wale wanaogawa kazi, kukumbuka namba yako. Kampuni yenye matawi imelipia matawi yote yatembelewe kabla ya tarehe fulani, waliozichukua kazi mapema wamejitoa dakika za mwisho, na mratibu amebaki na karatasi yenye mapengo. Akapiga. Sauti yake ilikuwa tamu kuliko kawaida. Alikuwa na kazi tano, kila moja na nyongeza juu yake. Nami nilikuwa tayari nimeshika nne za kampuni nyingine, zote za siku hiyohiyo. Nikasema ndiyo kabla sijahesabu kwa vidole.

Kazi moja moja hailipi, hilo kila aliyewahi kuifanya analijua. Ukitoa mafuta ya gari na saa za kuandika ripoti, unakuta umejiajiri kwa ujira ambao ungemwonea haya mtu mwingine kumpa. Inayolipa ni kuzifunga pamoja kwenye njia moja, kama basi na vituo vyake. Na kabla hamjaniuliza mnajiungaje: kampuni ya kweli haikudai ada ya kujisajili. Na ukitumiwa hundi, ukaambiwa uiweke benki, utoe pesa, ubakize chako na kingine ukitume kwa fulani "kupima huduma," kimbia. Hundi itarudi siku kadhaa baadaye, na benki itamdai aliyeiweka, ambaye ni wewe.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe nilichora jedwali. Vituo vitatu vya mafuta, benki mbili, matawi mawili ya duka moja la viatu, mgahawa, duka la simu. Tisa. Kila moja na kisa chake cha kuigiza. Benki ya kwanza nilikuwa mke mpya anayetaka akaunti ya akiba. Ya pili nilikuwa mfanyabiashara anayetafuta mkopo wa gari, jambo lililonilazimu kuegesha gari langu mbali kidogo. Mpaka saa sita mchana nilikuwa nimeolewa, nimeachika kimyakimya njiani, na nimeanzisha biashara ambayo karani aliipenda kuliko mimi.

Vituo vya mafuta nilivimaliza jua halijakaza. Fomu ya ripoti inauliza: Je, mhudumu alikusalimu? Je, alikuomba utazame sifuri kwenye pampu kabla ya kujaza? Je, alikupa risiti bila kuombwa? Kituo cha tatu tangi lilikuwa limeshacheua, nikanunua kiasi cha kuaibisha. Wahudumu wawili walinionyesha sifuri, mmoja hakunionyesha. Huyo mmoja nitamrudia.

Shida kubwa ya kazi hii ni kwamba huwezi kuandika mbele za watu. Unabeba kila kitu kichwani: aliyekuhudumia, urefu wake, nywele zake, dakika na sekunde, maneno. Ukitoka unayamwaga mahali. Mahali petu ni chooni. Unajifungia, unafungua kinasa sauti cha simu, unanong'ona. Bahati nzuri choo chenyewe mara nyingi kimo kwenye fomu (sabuni ipo? mlango unafunga?), kwa hiyo hata dhamiri inakuruhusu. Siku ile nilikagua vyoo vingi kuliko bwana afya.

Jina la kazi hii lilizaliwa Marekani miaka ya 1940. Kabla ya hapo waliotumwa madukani na benki walikuwa wapelelezi wa kukodiwa, wakiwanasa watumishi wanaodokoa kwenye droo ya fedha. Nikiwa nimebana pua chooni, nanong'ona rangi ya tai ya mtu aliyetoka kuniambia "karibu sana," nilihisi kwamba hatujasogea mbali sana na wale.

Mgahawani nilikula huku natazama saa, tumbo likaninunia hadi jioni. Tawi la kwanza la viatu lilikuwa kabla ya hapo, saa nne asubuhi. Dada mmoja alinihudumia kama anayeimba wimbo alioufundishwa shuleni: alinipima mguu kwenye ubao, akaleta jozi tatu, akanipendekezea ya bei ya juu, akanitajia dawa ya viatu na soksi, akaeleza masharti ya kurudisha, akaniaga kwa jina. Maswali 64, na yote kayajibu kabla sijauliza. Nilimpenda kama unavyompenda mtu anayekurahisishia kazi.

Tawi la pili lilikuwa kazi ya nane. Nilifika saa kumi na mbili kasoro, miguu imevimba, viatu vimenikata nyuma ya kisigino, na kichwani nina watu saba wanaogombania nafasi. Kisa ni kilekile: viatu vyeusi vya kazini, nilalamike kidogo kuhusu bei, nikae si chini ya dakika 15.

Kijana alikuwa amechuchumaa akipanga maboksi. Hakunikaribisha kwa maneno yanayotakiwa. Alitazama jinsi ninavyotembea, akavuta kiti.

"Kaa kwanza, dada."

Nikakaa. Kwenye fomu hakuna swali la kiti.

Nikamwonyesha jozi niliyotakiwa kuichagua, ile ya rafu ya juu. Akaileta, akapiga goti, akanivisha mwenyewe, akabonyeza kwa kidole gumba pale vidole vyangu vinapoishia. Ubao wa kupimia ulikuwa umesimama ukutani hatua mbili kutoka kwake. Hakuugusa. Ndani yangu karani mdogo aliweka alama: hapana.

"Umekuja saa nzuri," akasema. "Mguu wa asubuhi unadanganya. Wa jioni ndio mguu wa kweli."

Na ni kweli, miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Mtu anayenunua viatu asubuhi ananunulia miguu ya mtu mwingine. Nikafikiria yule dada wa saa nne na ubao wake.

Akavivua vile vya rafu ya juu, akavirudisha kwenye boksi bila kuniuliza. "Hivi vitakuumiza. Ngozi yake ngumu hapa pembeni, hailegei." Akaenda rafu ya chini, akaja na jozi ya nusu ya bei ile. Je, muuzaji alipendekeza bidhaa ya thamani ya juu zaidi? Hapana. Je, alitaja bidhaa za nyongeza? Hapana. Je, alionyesha angalau jozi tatu? Hapana. Kijana alikuwa anazama mbele ya macho yangu, amepiga goti, anafunga kamba kwa utulivu kama mtu asiyedaiwa na yeyote.

"Umesimama tangu saa ngapi leo?"

Siku nzima nilikuwa nimeulizwa maswali na siku nzima nilikuwa na majibu, yote niliyapanga usiku. Hili sikulipanga. Nikamwambia, "Tangu asubuhi. Nina mizunguko mingi." Ilikuwa sentensi yangu ya kwanza ya kweli tangu nitoke nyumbani, na ilinitoka na pumzi ndefu isiyo na adabu. Akasogeza boksi tupu mbele yangu, akalipigapiga. Nikaweka mguu wa pili juu yake, bila kiatu. Duka lilikuwa tupu. Alirudi kwenye maboksi yake, akaniacha. Dakika 15 zikapita, sikuziona. Zikawa 30. Hatukuongea lolote la maana. Aliniambia viatu vya watoto ndivyo vigumu kuuza, kwa sababu mtoto akiulizwa kama vinabana husema havibani, asije akanyimwa. Nilicheka. Karani mdogo ndani yangu alikuwa amelala.

Halafu nikatazama saa. Duka la simu linafungwa. Nikaruka, nikalipa, nikachukua risiti, nikakimbia. Mlangoni akasema kitu. Niligeuka nusu, nikaona midomo yake inafunga maneno, nikainua mkono, nikaondoka. Ndani ya gari nikafungua kinasa sauti, nikataja muda wa kuingia, na simu ikazima. Ilikuwa imefanya kazi tangu saa kumi na mbili asubuhi, kama mimi.

Duka la simu sina la kuwaambia. Nilikwenda, nikauliza, nikatoka.

Ripoti zilitakiwa ndani ya saa 12. Niliandika hadi jogoo la kwanza. Wahariri wa ripoti hawataki hisia, wanataka kilichoonekana. Ukiandika "alikuwa mwema" inarudi. Andika "alileta kiti." Nikaandika alileta kiti. Nikaandika alipiga goti. Nikafika swali la 61: Je, muuzaji alikuaga na kukukaribisha tena? Ndiyo au Hapana. Kama ndiyo, nukuu maneno yake.

Hakuna kisanduku cha "alisema, sikusikia."

Nilifumba macho nikamtafuta mlangoni. Midomo ikafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya dada wa saa nne asubuhi. Nikajaribu tena, nikampata karani wa mkopo. Nilijua amesema kitu. Nilijua pia alama zake zimefikia wapi, maana nilikuwa nimezishusha mwenyewe, moja baada ya nyingine, kwa haki kabisa. Nikaweka Ndiyo. Kwenye mstari wa nukuu nikaandika: "Vikikubana, usivumilie, virudishe."

Ilionekana kama kitu ambacho angesema.

Ripoti zetu nazo husahihishwa na kupewa alama. Ile ilipata 10 kwa 10. Mhariri aliongeza kwamba maelezo ni hai, niendelee hivyo. Ya benki ya pili, ambayo kila neno lake lilikuwa kwenye kinasa, ilirudishwa mara mbili kwa sababu niliandika karani alionekana amechoka.

Kwa muda nilijiambia nilimfanyia wema. Kilichonisumbua kilikuja kwa mlango wa nyuma, wiki moja baadaye, nikiwa najaza mafuta yangu mwenyewe kwa pesa yangu. Mhudumu akasema, "Sifuri hiyo, dada." Nikakumbuka yule mmoja ambaye hakusema. Nilikuwa nimemwandika kuwa wa kituo cha pili. Lakini kituo cha pili choo kilikuwa kimefungwa, na kumbukumbu zake nilizinong'ona baadaye, kwenye choo cha kituo cha tatu, za pili na za tatu kwa mkupuo mmoja. Sare zinafanana. Kofia zinafanana. Nilipoweka ile Hapana nilikuwa na uhakika. Na ile Ndiyo ya swali la 61, sasa nikiisoma upya kichwani, ilikuwa na uhakika uleule.

Sikumwandikia mratibu. Nilifungua barua pepe, nikaandika salamu, nikafuta. Nilichofanya ni kwamba sikuchukua tena zaidi ya kazi tatu kwa siku, na baada ya miezi michache sikuchukua kabisa. Watu wakiniuliza kwa nini niliacha nasema miguu.

Tawi ulilolikagua unazuiwa kulikagua tena kwa muda, kwetu ilikuwa siku 90. Kununua kama mtu wa kawaida hakuna anayekuzuia, ila nilikuwa nalikwepa. Nilirudi mwaka uliofuata, kwa viatu vyangu mwenyewe, tena asubuhi, ujinga huo. Kijana sikumwona, na kumuulizia niliona haya. Alinihudumia bwana mmoja wa makamo, mkimya. Alinipima kwenye ubao. Nikalipa. Nimefika mlangoni akasema nyuma yangu:

"Vikikubana, usivumilie, virudishe."

Nilisimama. Najua ripoti nzuri husomwa kwa wafanyakazi asubuhi kabla ya kufungua, yawezekana ilitoka huko, ikawa somo. Yawezekana wauza viatu wote ndivyo wasemavyo na mimi sikubuni kitu. Au kijana aliyatamka kweli jioni ile, neno kwa neno, na sikio langu liliyashika wakati kichwa kimeshaondoka. Nimemsimulia kitinda mimba, akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo alisema au hakusema?" Nikamwambia akanawe miguu akalale.

Vile viatu vilinibana, tena sana. Nilivumilia.