Siku moja maishani mwangu: jodari, barafu na daftari

Saa 11:10 alfajiri

Simu haijalia, macho tayari yako wazi. Nasali, nakunywa chai ya rangi yenye mdalasini, natia kipimajoto mfukoni. Kila siku mke wangu huniuliza kama nimechukua ufunguo. Kuhusu kipimajoto haniulizi, anajua hicho sikisahau.

Saa 12:20 asubuhi, soko la Darajani

Mchuuzi mmoja amenipa jina: Chefu Sumu. Ananitania, nami nacheka, wengine wanacheka zaidi. Nafunua mashavu ya jodari, mekundu, macho yametuna. Halafu nachomeka kipimajoto kwenye mnofu, karibu na uti wa mgongo.

"Samaki naye unampima homa, mzee?"

Nyuzi 3. Nachukua, namzika kwenye barafu papo hapo, kichwa mpaka mkia.

Jina hilo nimelifanyia kazi. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa mpishi mkuu wa hoteli moja hapa Unguja. Ilikuwa karamu ya watu 40, na jodari alikaa mezani tangu mchana kwa sababu chumba cha baridi kilikuwa kinasumbua. Kwenye daftari la joto niliandika 3. Sikupima. Chakula hakijaisha, wageni wakaanza kuwa wekundu usoni, ngozi zinawasha, vichwa vinagonga, mioyo inakwenda mbio. Kumi na mmoja walikwenda hospitali. Wote walipona, alhamdulillahi.

Jodari, nguru na vibua wana tabia moja: wakikaa kwenye joto, bakteria huzalisha histamini ndani ya mnofu. Ikishaingia haitoki, si kwa moto, si kwa friza. Na samaki anaweza asinuke kabisa. Ndiyo maana usiku ule hakuna aliyestuka. Sosi yangu, kwa kweli, ilisifiwa.

Kinachoniuma ni kwamba barafu naijua. Umeme wa kutoka bara ulipokatika, kisiwa kikakaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, nilikuwa kijana wa kumenya mbatata, na kazi yangu nyingine ilikuwa kukimbizana na barafu. Mtu aliyepita pale hana kisingizio.

Saa 4:00 asubuhi

Mkahawa ninaofanya kazi sasa una meza nane na menyu ya sahani saba, moja baada ya nyingine. Mpishi mkuu ni binti niliyemfundisha mimi. Zamani nilimfokea mbele ya watu akamwaga sufuria zima kwa sababu tui lilikatika. Leo namwita Chefu. Yeye haniiti kitu. Huanza tu kusema.

Miezi minane nimemenya vitunguu, nimepiga pweza, nimesafisha kamba. Leo kwa mara ya kwanza sahani ya tatu ni yangu: jodari aliyeguswa na moto ubavuni tu, katikati mbichi, juu ya urojo uliochujwa mara mbili.

Saa 7:30 mchana

Urojo wa kuchuja si urojo wa Forodhani, na wazee watanisema. Sijali. Unga, manjano, embe bichi, ukwaju, halafu kitambaa cheupe na subira. Ukikamua kitambaa unakuwa na ukungu. Ukiacha uvuje wenyewe, tone kwa tone, unang'aa kama samli iliyoyeyuka. Nimekaa na bakuli lile saa nzima. Vijana wanapita wanatazamana.

Saa 10:45 alasiri

Umeme ulikatika kidogo, jenereta likawaka. Kwenye mlango wa friji namba inasema 4. Nafungua nichukue jodari, naona kona ya trei imetokeza, mpira wa mlango haukushika. Tangu saa ngapi? Hakuna anayejua.

Nachomeka kipimajoto. Nyuzi 9.

Nikasimama pale. Kilo nne. Mkono ulikumbuka kalamu, sitaficha hilo.

Nikamwita Chefu. Alitazama namba, akatazama samaki, akamnusa. "Hana kitu huyu. Una uhakika?"

"Sina, Chefu. Ndiyo maana namwaga."

Aliondoka bila kujibu, nikasikia anaongea na tajiri kwenye simu, sauti ya chini, kwa muda mrefu. Aliporudi alisema: "Weka pweza." Nilimmwaga jodari, nikammiminia sabuni juu ili kijana yeyote asije akamhurumia.

Saa 1:30 usiku

Wageni 22. Pweza amelainika kwa maji yake mwenyewe, nampitisha kwenye mkaa, vipande vitatu kila sahani, kijiko kimoja cha urojo, pilipili mbuzi iliyokatwa nyembamba. Nafuta ukingo wa sahani kwa kitambaa. Weita anarudisha sahani tupu, nyingine, nyingine. Moja ilirudi na pweza wote, mgeni hali vitu vyenye mikono.

Saa 5:40 usiku

Jiko limeoshwa. Nafungua daftari. Samaki: jodari. Joto: 9. Maelezo: mlango wa friji haukufungwa, kamwagwa, kilo 4. Natia sahihi yangu.

Chini yake kuna mstari wa sahihi ya mpishi mkuu. Nilipotoka ulikuwa bado mtupu. Ubaoni, kwenye zamu za kesho, jina langu liko kwenye vitunguu.