Jinsi tulivyoyafikisha makato yetu mbele ya Seneti

Mfanyakazi wa Kenya akipewa hati yake ya mshahara, macho huanzia kwenye yaliyoondoka: kodi, NSSF (mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni), bima ya afya, ada ya nyumba, mkopo wa sacco, pensheni ya kazini. Wengi wetu huamini kwamba yaliyoondoka yamefika. Katika kampuni ya maji ya kaunti ninakofanya kazi, hayakuwa yakifika. Mwajiri alikata mwezi baada ya mwezi bila kupeleka, nasi hatukujua mpaka wenzetu walipoanza kustaafu na kuugua.

Aliyetufungua macho ni mzee wetu wa pampu, aliyeanza kazi enzi za manispaa, kabla ya kampuni za maji kuundwa. Alipostaafu alienda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, kuchukua taarifa yake ya NSSF, akarudi nayo imekunjwa mfukoni, akanikabidhi bila neno. Kulikuwa na miezi yenye michango, kisha miezi mitupu, kisha mchango mmoja, kisha mitupu tena. Haukupita muda, kijana wa kitengo cha mabomba akampeleka mkewe kujifungua. Hati yake ya mshahara ilionyesha wazi kwamba asilimia 2.75 ilikatwa kwa ajili ya SHIF, mfuko wa bima ya afya, lakini mtambo wa hospitali ulisema hajalipiwa. Karani wa pale alimwambia, "Kaka, karatasi yako naiona, lakini mtambo hauisomi." Ilibidi tumchangie ndipo mama na mtoto wakaruhusiwa kwenda nyumbani.

Mimi ni msomaji mita, na wakati huo nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi. Nilianza na sheria, kwa sababu nilitaka kujua kama tunaomba hisani au tunadai haki. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamruhusu mwajiri kukata michango, kisha kinamlazimu kuifikisha inakotakiwa kwa wakati uliowekwa. Kifungu cha 20 kinampa mfanyakazi haki ya kupata maelezo ya mshahara wake yanayotaja kila kilichokatwa. Michango ya NSSF na ya SHIF inatakiwa kuwa imefika ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Uzito wa jambo uliongezeka Februari 2023, viwango vipya vya NSSF vilipoanza kutumika. Zamani mfanyakazi alikatwa shilingi 200 na mwajiri akaongeza 200. Sasa ni asilimia 6 kwa 6, na kiwango cha mshahara kinachohesabiwa kimekuwa kikipanda kila mwaka. Kwa mwenye mshahara wa shilingi 40,000, viwango vya 2024 vilimtoa shilingi 2,160, na mwajiri akatakiwa kuongeza 2,160 nyingine. Mwezi mmoja usiopelekwa unamnyima akiba ya uzeeni ya shilingi 4,320, na faida ambayo pesa hiyo ingezaa kwa miaka yote iliyobaki. Wakubwa wetu walikuwa wakiyaweka makato hayo kwenye orodha moja na bili za umeme na dawa ya kutibu maji, yalipwe hali ikiruhusu. Hapo ndipo nilipoona dhuluma yenyewe. Muuza umeme anadai malipo ya bidhaa yake. Sisi pesa ilikuwa imeshatoka kwenye mishahara yetu, ikabaki mikononi mwa mtu asiye na haki nayo.

Kazi iliyotubeba mpaka mwisho haikuwa ya hotuba. Nilinunua daftari kubwa la hesabu nikalichora safu: mwezi, mshahara wote, NSSF iliyokatwa kwenye hati, NSSF iliyoonekana kwenye taarifa, kisha hivyo hivyo kwa bima ya afya na kwa mfuko wa pensheni. Kila mfanyakazi aliyekubali alileta hati zake na kuomba taarifa zake mwenyewe, kwa sababu hizo ni siri zake na hakuna anayestahili kuzichukua kwa niaba yake bila idhini. Wengine walileta hati zilizofifia wino mpaka tukazisoma kwa kuziinamisha dirishani. Mama mmoja wa ofisi ya malipo alikuwa amezihifadhi zote, tangu ya kwanza, kwenye bahasha za mwaka mwaka. Kurasa zake ndizo zilizotangulia kwenye vielelezo vyetu, kwani hazikuwa na pengo hata moja upande wa kukatwa, na upande wa kupelekwa mapengo yalikuwa tele.

Tuliandika kwanza kwa mwajiri, kisha kwa chama chetu cha wafanyakazi, kwa ofisi ya leba na kwa NSSF. Majibu mengine yalikuja, mengine hayakuja. Kila barua tuliipeleka kwa mkono, nakala ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Nasisitiza muhuri huo, maana baadaye ndio uliotuwezesha kuonyesha kwamba Bunge halikuwa mlango wetu wa kwanza.

Tukatumia pia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoipa taasisi ya umma siku 21 za kujibu, kuomba ratiba ya makato yasiyopelekwa. Tukajibiwa kwa maneno ya jumla. Kilichotusaidia zaidi kilikuwa wazi kwa umma muda wote: ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kampuni za maji za kaunti hukaguliwa chini ya kifungu cha 229 cha Katiba, na ripoti zake huwekwa mtandaoni. Nilipitia ripoti ya kampuni yetu ukurasa kwa ukurasa, Kiingereza cha kihasibu na vyote, mpaka nikafika kwenye maelezo ya madeni, na humo mlikuwa na mstari wa makato ya wafanyakazi ambayo hayajapelekwa. Mwajiri aliyekuwa akituambia tusubiri uchunguzi alikuwa ameshaikiri pesa hiyo kwenye vitabu vyake mwenyewe. Niliupigia mstari kwa kalamu nyekundu nikatoa nakala.

Swali likawa twende wapi. Wapo waliotaka Mahakama ya Ajira na Leba, na hoja yao ilikuwa na nguvu, kwa kuwa mahakama hutoa amri, ilhali kamati ya Bunge hutoa mapendekezo. Lakini Sheria ya 2012 kuhusu utaratibu wa ardhilhali, yaani ombi rasmi la mwananchi kwa Bunge, inamtaka mlalamishi aeleze kama suala lake liko mahakamani, na kesi inayoendelea huwafunga mikono wabunge. Wakili aliyetusikiliza bila malipo alituonya pia kwamba madai ya ajira yana muda wa miaka 3, na kwamba ardhilhali haiusimamishi muda huo. Tukakubaliana hivi: tuanze na Seneti, na kalenda ya mahakama tuiweke ukutani.

Kwa nini Seneti? Kwa sababu kazi yake, kwa kifungu cha 96 cha Katiba, ni kulinda maslahi ya kaunti na kusimamia matumizi ya fedha zake, na kampuni yetu ni ya kaunti. Na kwa sababu kifungu cha 125 kinaipa kila nyumba ya Bunge, pamoja na kamati zake, uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kumwita mtu yeyote na kumlazimisha alete nyaraka. Anayekaidi mwito anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000. Mfanyakazi hana uwezo wa kumfanya mkurugenzi afungue faili. Kamati inao.

Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ardhilhali Bungeni. Unaweza kupitia kwa seneta, au ukaipeleka mwenyewe kwa Karani wa Seneti. Tulichagua njia ya Karani. Kaunti yetu ina siasa kali, na sikutaka makato ya mzee wa pampu yageuke kuwa fimbo ya mrengo mmoja kumpigia mwingine. Tuliandika kwa Kiswahili, jambo ambalo sheria inaliruhusu, ili kila anayetia sahihi ajue anachokubali. Majina, anwani, nambari za vitambulisho, sahihi, na dole gumba kwa wasioweza kuandika. Mmoja wa wazibuaji wa maji taka alisuguasugua kidole chake kwenye suruali kabla ya kukibonyeza kwenye wino, akasema, "Weka vizuri mwalimu, hiki ndicho nilichofanyia kazi."

Sehemu tuliyoikalia kwa muda mrefu zaidi ni maombi ya mwisho. Rasimu ya kwanza iliomba Seneti "iingilie kati na kutusaidia." Wakili akaikata akasema kamati haiwezi kupima kama imeingilia kati. Tukaandika upya: mwajiri atoe ratiba ya makato yote yasiyopelekwa, kwa jina na kwa mwezi, makato ya sasa yaanze kupelekwa mara moja, malimbikizo yalipwe kwa awamu zenye tarehe, waliostaafu na walio karibu kustaafu watangulizwe, na taarifa ya utekelezaji irudishwe kwa kamati. Ningeweza kumshauri mtu jambo moja tu kuhusu ardhilhali, ningemwambia aandike maombi ambayo mtu mwingine anaweza kuyakagua na kusema limetendeka au halijatendeka.

Karani ana siku 7 za kuthibitisha kwamba ardhilhali imetimiza masharti. Yetu ilipita, ikasomwa ukumbini, ikapelekwa kwa kamati inayoshughulikia leba. Kusubiri kulikuwa kurefu, na nilikujaza kwa kupiga simu kwa makarani wa kamati, kwa adabu, nikiuliza kama kuna kielelezo kinachohitajika. Makarani hao ndio wanaoandaa maswali ya maseneta. Niliwatumia muhtasari wa kurasa mbili wenye nambari za vielelezo, kwa kuwa hakuna anayeweza kusoma daftari zima asubuhi ya kikao.

Siku ya kikao mwenyekiti alitusikiliza kwanza, kisha akamgeukia mkurugenzi wetu. Mkurugenzi alizungumzia wateja wasiolipa, maji yanayopotea kwenye mabomba mabovu, gharama ya umeme. Yote hayo ni kweli, nayajua kwa sababu mita nazisoma mimi. Mwenyekiti akamwacha amalize, akachukua hati ya mshahara ya yule mama wa malipo na kumpa mhasibu mkuu aisome kwa sauti.

"Hapo kwenye NSSF pameandikwa nini?"

"Elfu mbili mia moja na sitini, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Zilikatwa?"

"Zilikatwa."

"Zilienda wapi?"

Mhasibu alimtazama mkurugenzi. Baadaye alieleza kwamba zilitumika kuendesha kampuni, akatajiwa mstari wa ripoti ya ukaguzi, akakubali kwamba kiasi kile ni sahihi. Kuanzia hapo mjadala haukuwa tena kama tunadai au hatudai. Ulihamia kwenye tarehe.

Ripoti ya kamati ilibeba maombi yetu karibu yote. Ombi la ratiba ya jina kwa jina lilitimizwa mapema, na likafichua mapengo ya watu ambao hata hawakutia sahihi kwa kuogopa. Makato ya kila mwezi yakaanza kufika, tukayaona kwenye taarifa zetu. Mzee wa pampu alijaziwa miezi yake na kulipwa, akapita ofisini na kumsalimia kila mtu kwa jina. Kwa yule kijana wa mabomba, bima inasoma, lakini pesa tulizochanga hospitalini hakuna aliyezirejesha, na ripoti haikuligusa hilo. Naliona ni pungufu kubwa. Mfanyakazi aliyenyimwa matibabu kwa sababu ya mwajiri hafidiwi kwa mwajiri kulipa mwezi uliopita.

Malimbikizo ya mfuko wa pensheni ndiyo yanayosuasua. Awamu za kwanza zililipwa kwa wakati, kisha moja ikapita tarehe. Hatukufanya mgomo. Tuliiandikia kamati barua yenye mambo matatu: ukurasa wa ripoti unaotaja awamu hiyo, tarehe iliyowekwa, na taarifa ya mfuko inayoonyesha hakuna kilichoingia. Mwajiri akaandikiwa aeleze, na nusu ya awamu ikaingia. Nusu iliyobaki iko kwenye barua inayofuata, ambayo wawakilishi wapya wa wafanyakazi wameshaiandika na kuigongesha muhuri.