Ahmad bin Naaman na zawadi ambazo rais hakuweza kuzipokea

Jumamosi usiku

Kila nikisikia balozi mpya wa nchi ya Kiarabu amewasilisha hati zake Washington, namkumbuka Ahmad bin Naaman al-Kaabi, na swali huwa lile lile: alikuwa balozi kweli, au karani wa biashara aliyebebeshwa barua ya bwana wake? Wapo wanaosema alikwenda kuuza tende, basi. Wapo wanaomhesabu miongoni mwa wajumbe wa kwanza wa Kiarabu kufika Marekani. Mimi niko na hawa wa pili, na leo nataka kuandika kwa nini.

Nianze na shehena, maana ndiyo inayomponza. Sultana, merikebu ya Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, iliyoundwa Bombay, ilitia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840. Kutoka Maskati ilipakia makanda 1,300 ya tende, marobota 100 ya kahawa ya Mocha na marobota 21 ya mazulia ya Kiajemi. Ilipopita Unguja ikaongeza pembe za ndovu 108, masanduku 81 ya sandarusi (utomvu mgumu wa miti), magunia 135 ya karafuu na ngozi kavu 1,000. Aliyepanga orodha hii alilijua soko. Pembe zilikuwa zikitakiwa na wachonga vitana na watengeneza piano wa Connecticut. Sandarusi iliyochimbwa ardhini Mrima hutoka na ganda la udongo na mchanga lililoshikamana nayo. Kabla ya kupikwa kuwa vanishi lazima ioshwe na kuparuzwa, na Salem, huko Massachusetts, palikuwa na watu wa kazi hiyo. Wafanyabiashara wa Salem walikuwa wakija Unguja tangu miaka ya 1820. Safari hii Unguja ndiyo ilikwenda kwao.

Sasa mtu atasema: balozi gani huyo anayeuza ngozi? Ibara ya 42 ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, unaohusu uhusiano wa kidiplomasia, inamkataza mwanadiplomasia kufanya kazi au biashara katika nchi aliyopelekwa kwa faida yake binafsi. Uzito uko kwenye maneno mawili ya mwisho. Shehena ya Sultana ilikuwa mali ya Seyyid, na Ahmad alikuwa katibu wake. Ibara ya 3 ya mkataba huo huo inataja kukuza uhusiano wa kiuchumi kuwa miongoni mwa kazi za ubalozi. Kwa hiyo ngozi zile, kwangu mimi, hazimtoi Ahmad kwenye ubalozi.

Kinachomtofautisha na balozi wa leo ni karatasi. Leo nchi haitangazi jina la balozi kabla ya kuomba ridhaa ya nchi mwenyeji, na ombi hilo hupelekwa kimya kimya pamoja na wasifu wa mhusika. Mwenyeji anaweza kukataa bila kutoa sababu. Ndivyo ibara ya 4 inavyosema. Kwa desturi hata hakatai kwa mdomo, hukaa kimya tu, na nchi inayotuma ikielewa ule ukimya hupeleka jina jingine. Jina likitangazwa mapema kisha ridhaa isije, aibu huwapata wote wawili, ndiyo maana maofisa wa itifaki huwa wakali sana kwenye hatua hii.

Ridhaa ikipatikana, huandikwa hati za utambulisho: barua ya mkuu wa nchi kwa mkuu mwenzake, yenye sahihi yake, na kwa kawaida na ya waziri wa mambo ya nje pia. Pamoja nayo huenda barua ya kumrejesha balozi aliyetangulia. Makosa hapa huwa madogo na gharama yake kubwa. Cheo rasmi cha mkuu wa nchi mwenyeji kikikosewa, au uchaguzi ukibadilisha jina la rais balozi akiwa njiani, barua inarudi kuandikwa upya. Akifika, kwanza hupeleka nakala wizara ya mambo ya nje, halafu husubiri siku ya kupokewa, na kusubiri huko kunaweza kuchukua wiki nyingi. Nchi nyingine humhesabu ameanza kazi siku ya nakala, nyingine siku ya hati zenyewe. Ibara ya 13 inaruhusu yote mawili, mradi mwenyeji atumie kanuni moja kwa wote.

Tarehe na saa ya kuanza kazi ndiyo inayoamua balozi yupi anamtangulia mwenzake, wala haitazami ukubwa wa nchi. Nalipenda sana jambo hili. Roble Olhaye wa Djibouti, nchi ndogo mwanachama wa Umoja wa Nchi za Kiarabu, alikuwa balozi Washington kuanzia 1988 hadi alipofariki 2015, akawa kiongozi wa mabalozi wote pale. Uingereza na Ufaransa zilikaa nyuma yake.

Ahmad hakuwa na ridhaa wala makazi. Alikuwa na barua ya Seyyid kwa Rais Martin Van Buren, na nyuma yake mkataba wa urafiki na biashara uliotiwa saini Maskati tarehe 21 Septemba 1833 na Edmund Roberts kwa niaba ya Marekani. Mkataba huo uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za Wamarekani, ukawaruhusu kuweka makonsuli katika bandari za Seyyid, na ukasema konsuli na watu wa nyumbani kwake wasikamatwe. Konsuli akivunja sheria za nchi, malalamiko yapelekwe kwa rais, naye amwondoe. Mjumbe hauawi, walisema wazee wetu. Mkataba ule uliliandika jambo hilo hilo miaka mia na ishirini na ushei kabla ya Vienna. Kwa lugha ya leo Ahmad alikuwa mkuu wa ujumbe maalumu: anakwenda, anafikisha, anarudi na jibu. Huo nao ni ubalozi.

Pagumu palikuwa kwenye zawadi. Seyyid alimpelekea rais farasi wawili wa Kiarabu, uzi wa lulu 150 na lulu nyingine mbili kubwa, dhahabu, zulia la hariri la Kiajemi, shali za kashmiri, marashi ya waridi na upanga. Katiba ya Marekani, kifungu cha 1 sehemu ya 9, inamzuia mwenye madaraka kupokea zawadi ya mfalme au dola ya kigeni bila idhini ya Bunge. Van Buren hakuweza kupokea. Ahmad naye hakuweza kuzirudisha, kwa sababu katika adabu ya kwao zawadi iliyorudishwa ni urafiki uliokataliwa, na angekwenda kusema nini mbele ya Seyyid? Huku farasi wanakula kila siku. Lulu unaweza kuzifungia sandukuni ukingoje wanasheria wamalize. Farasi hafungiwi sandukuni.

Ufumbuzi uliopatikana unafaa kusomwa na kila anayeingia kazi hii. Tarehe 20 Julai 1840 Bunge lilipitisha azimio la kumruhusu rais kuzipangia utaratibu zawadi za Maskati, pamoja na zile za mfalme wa Morocco. Farasi wakapigwa mnada, fedha zikaingia hazina. Vitu vingine vikawekwa Washington kwenye maonyesho ya taifa. Kwa njia hiyo zawadi ilipokewa na dola, rais hakugusa kitu, na Seyyid hakurudishiwa chake. Sheria za zawadi ambazo serikali nyingi zinazo leo zinakwenda njia hiyo hiyo: mtumishi hupokea kwa mikono miwili ili asimvunjie mgeni heshima, kisha huandikisha na kukabidhi.

Ahmad mwenyewe hakwenda Washington. Barua na zawadi zilitangulia, naye akabaki New York na merikebu yake. Wanaomdharau huishika hoja hii, kwamba balozi gani hamwoni rais. Lakini Sultana ilikuwa imechakaa, na serikali ya Marekani ilikubali kuikarabati kwa gharama yake katika karakana ya jeshi la majini, Brooklyn. Mjumbe anayeacha chombo cha mfalme wake mikononi mwa mafundi wa kigeni, shehena haijauzwa yote na mabaharia wakiwa mji wasioujua, ameacha nusu ya amana yake. Baraza la jiji likamwagiza Edward Mooney kuchora picha yake, mzee mwenye kilemba na ndevu.

Agosti 1840 Sultana iling'oa nanga, ikiwa na jibu la rais na bidhaa alizonunuliwa Seyyid: bunduki, shanga, sahani, na marobota 125 ya kile kitambaa kizito cha pamba ambacho pwani yote, hadi bara, kilikwisha kuitwa merikani.