Kwa treni moja, kutoka kwa matajiri hadi kwa wanyonge

Orodha za miji tajiri duniani hazikubaliani, na sababu kubwa ni mpaka. Ukiihesabu Tokyo kwa kata zake 23 za katikati, unapata watu wasiofika milioni 10. Ukijumlisha vitongoji vyote ambavyo wakazi wake huingia mjini kufanya kazi, unavuka milioni 30, na pato la mji nalo linafuata. Halafu kuna suala la wastani. Bilionea akihamia mtaani, wastani wa utajiri wa mtaa mzima unapanda siku hiyo hiyo, ingawa hakuna jirani aliyeongezewa hata senti.

Kwa hiyo nilipopanga safari ya kuizungukia miji mikubwa, nilijiwekea utaratibu mmoja. Kila nitakapofika nipande treni karibu na mtaa wa matajiri, nishuke kwenye mtaa wa wanyonge, bila kubadili laini. Nilitaka kuona ni kitu gani kinachokatika njiani, na ni kipi kinachofika hadi mwisho.

Nilianzia Mumbai. Barabara ya Altamount inapanda kilima ikiwa na vivuli vya miti, na juu yake imesimama Antilia, jengo la ghorofa 27 lililokamilika mwaka 2010 kuwa makazi ya familia ya bilionea Mukesh Ambani. Kutoka hapo unateremka kwa miguu hadi kituo cha Grant Road. Milango ya treni haikufungwa, na vijana walining'inia nje mkono mmoja ukishika bomba. Reli hizi za vitongoji hubeba takriban abiria milioni 7 kwa siku, na historia yake inarudi hadi mwaka 1853, treni ya kwanza ya abiria barani Asia ilipotoka Bombay, kama Mumbai ilivyoitwa zamani, kwenda mji jirani wa Thane.

Njiani, kituo cha Lower Parel ndicho kilichonikamata macho. Hapa palikuwa na viwanda vya nguo. Januari 1982 wafanyakazi wapatao robo milioni waligoma wakiongozwa na Datta Samant, viwanda vingi havikurudi tena kama zamani, na baadaye ardhi yake ikageuka ofisi na maghorofa ya kifahari. Kwenye takwimu, mji ulitajirika. Lakini ajira ya kiwandani yenye mshahara wa kila mwezi iliondoka, na wengi walioikosa walijitafutia riziki kwenye karakana ndogo ndogo kama zile nilizokuwa naziendea.

Nilishuka Mahim, nikavuka daraja la waenda kwa miguu upande wa mashariki, nikawa Dharavi. Eneo lake halifiki hata kilometa 3 za mraba, na makadirio ya wakazi wake hufika hadi milioni 1. Kwanza unakutana na wachambuzi wa plastiki. Wanaketi sakafuni, kila kipande wanakipitisha mkononi, wanakigonga au kukikunja wajue ni aina gani, kisha wanakitupa kwenye rundo lake kikasagwe. Mbele zaidi ni Kumbharwada, mtaa wa wafinyanzi wenye asili ya jimbo la Gujarat. Moshi wa matanuri unapita kati ya nyumba, watoto wanaruka vyungu vilivyoanikwa. Sikumwona mtu aliyekaa bure. Anayeita mahali hapa mtaa wa watu wavivu hajafika.

Kilichokatika njiani ni maji. Mapipa ya bluu yalipangwa mlango kwa mlango, kwa sababu bomba hutoa maji kwa saa chache tu za siku. Kupitia kijana aliyenitafsiria nilimwuliza mama mmoja mfinyanzi, "Mama, ukipewa nyumba ya ghorofani utahama?" Akaniuliza tanuri lake ataliweka ghorofa ya ngapi. Swali hilo lina uzito, maana mradi wa kuijenga upya Dharavi umeshapewa mwekezaji, na nyumba za bure mahali pale pale zimeahidiwa kwa wale tu wanaoweza kuthibitisha kwamba makao yao ya ghorofa ya chini yalikuwapo kabla ya Januari 2000. Mpangaji wa chumba cha juu hana uhakika huo, wala aliyefika mwaka 2003.

Singapore safari ilikuwa fupi mno. Orchard, barabara ya maduka ya anasa, na Toa Payoh, mtaa wa watu wa kawaida, zimetenganishwa na vituo viwili tu, Newton na Novena. Toa Payoh ni kati ya vituo vitano vya kwanza vya reli hiyo, vilivyofunguliwa Novemba 1987, jambo linaloonyesha mtaa gani ulifikiriwa kwanza. Nilitembea chini ya maghorofa ya umma, ambako sakafu ya chini imeachwa wazi bila kuta ili watu wakutane. Lifti zinafanya kazi. Maji ya bomba yananyweka ghorofa zote.

Haya hayakushuka kutoka mbinguni. Tarehe 25 Mei 1961 moto uliteketeza mabanda ya Bukit Ho Swee na kuwaacha watu wapatao 16,000 bila makazi. Bodi ya nyumba ya serikali, HDB, ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na ilijenga maghorofa papo hapo palipoungua. Sheria ya mwaka 1966 ikaipa serikali nguvu ya kutwaa ardhi kwa fidia ndogo, wananchi wakaruhusiwa kulipia nyumba kutoka kwenye akiba yao ya lazima ya uzeeni, na leo karibu asilimia 80 ya wakazi wa kudumu wanaishi katika nyumba za HDB, kwa hati ya miaka 99. Wenye ardhi waliumia, hilo lisemwe wazi. Ila nikiyaweka mapipa ya Dharavi upande mmoja na lifti za Toa Payoh upande wa pili, najua mimi ningechagua nini.

Hata hivyo laini ya Toa Payoh haimfikii mnyonge wa kweli wa Singapore. Wafanyakazi wahamiaji wanaoyajenga maghorofa hayo hulala katika mabweni, mengi yakiwa pembezoni mwa kisiwa. Mwaka 2020 maambukizi mengi ya Uviko nchini humo yalitokea ndani ya mabweni hayo, na ndipo dunia ilipojua watu wangapi walikuwa wakilala chumba kimoja. Wanatoka nchi zile zile ambazo mabanda yake huwashangaza watalii. Umaskini wao haukuisha, umepewa tu kibali cha kazi na tarehe ya kuondoka.

Tokyo nilipanda laini ya Hibiya kutoka Hiroo, mtaa wa balozi na matajiri, hadi Minami-Senju. Ukishuka hapo, Sanya iko jirani. Jina la Sanya liliondolewa kwenye anwani rasmi mwaka 1966, lakini kila mtu analijua. Hapa ndipo walipokusanyika vibarua waliojenga barabara na viwanja vya Olimpiki ya 1964, na sasa wengi wao ni wazee wanaoishi kwa msaada wa serikali katika vyumba vya gesti vinavyotosha godoro na begi. Barabara ni safi, maji yapo, treni inafika kwa dakika yake. Kilichokatika ni jamaa. Mzee anaweza kuwa na kila huduma ya mji na asiwe na mtu wa kumjulia hali.

New York ndiyo iliyonichukiza, na nasema hivyo kwa kuwa ina uwezo wa kufanya vizuri zaidi kuliko yote niliyoyaona. Nilitembea Park Avenue kuelekea kaskazini. Hadi mtaa wa 96 treni ziko chini ya ardhi, juu kuna bustani katikati ya barabara na mabawabu milangoni. Mtaa wa 97 reli inatoka handakini, inapanda juu ya ukuta wa mawe, na kuanzia hapo wakazi wa East Harlem ndio wanaobeba kelele zote. Mpaka wa utajiri umejengwa kwa mawe, unaweza kuugusa kwa mkono. Tena kuna hili: njia ya chini ya ardhi ya Second Avenue ilizungumzwa tangu miaka ya 1920. Vituo vyake vipya vilipofunguliwa Januari 2017, kwa gharama ya zaidi ya dola bilioni 4, viliishia mtaa wa 96.

Kwa treni namba 6 nilivuka hadi Mott Haven, Bronx, katika jimbo la uchaguzi lililo maskini kuliko yote Marekani. Barabara kuu mbili zimeuzunguka mtaa, malori hayakauki, na watoto wenye pumu ni wengi. Mtandao wa treni una vituo zaidi ya 470, na vingi bado havina lifti. Nilimwona mama amebeba kigari cha mtoto kwenye ngazi, mtoto akiwa ndani, nikashika upande wa pili.

Nilimalizia São Paulo, Brazil, kwenye laini ya 9 inayofuata mto Pinheiros. Mitaa ya ofisi ya Vila Olímpia na Berrini ni vioo vitupu, na juu ya mapaa helikopta hupokezana. Karibu na Berrini kuna Jardim Edite, maghorofa ya umma yaliyokamilika mwaka 2013 pale pale palipokuwa na favela, yaani mtaa wa mabanda, iliyobomolewa, yakiwa na zahanati chini yake. Ni machache, lakini yanathibitisha kwamba maskini anaweza kubaki mahali penye kazi. Baada ya hapo treni inashika kusini hadi Grajaú, wilaya yenye watu wengi kuliko zote mjini, na wafanya usafi wa vile vioo ndipo wanaposhuka, wakapange foleni ya basi.

São Paulo inafanya jambo ambalo ningependa kuliona kote nilikopita. Shirika la kiraia la Rede Nossa São Paulo huchapisha ramani ya tofauti za maisha katika wilaya zote 96. Wastani wa umri wa kufa kati ya wilaya bora na mbaya umetofautiana kwa zaidi ya miaka 20. Huo ni mji mmoja, wenye meya mmoja, na katika orodha za miji tajiri unaandikwa kwa mstari mmoja.