Newport na ukumbi wa viatu vya matairi

Leo wacha niongelee Newport, kamji kadogo ka baharini huko Rhode Island, Marekani, ambako matajiri walikua wanakimbilia wakati wa joto. Sasa kuna jamaa anaitwa James Plimpton, mfanyabiashara wa fanicha wa New York, mwaka 1863 akapata hataza (haki ya kisheria ya mgunduzi, wengine wasimuigize) ya viatu vyenye matairi manne, mawili mbele mawili nyuma, af kati ya kiatu na matairi kaweka raba, ukiegemea upande kiatu kinakata kona chenyewe. Kabla ya hapo matairi yalikua yamepangwa kwenye mstari mmoja, kwenda mbele sawa ila kukata kona ndo ilikua balaa.

Basi 1866 jamaa akakodi hoteli ya Atlantic House pale Newport, akageuza sehemu ya kulia chakula kua ukumbi wa kuskeiti, kumbuka hao ni watu wa heshima zao sasa wanateleza palepale watu walipokua wanakulia, mi ningelipa kiingilio nikae pembeni tu niwacheki wakidondoka. Na mjanja huyu viatu alikua anakodisha tu, hauzi. Bolibearing, yani vile vigololi vya chuma ndani ya tairi vinavyofanya lizunguke kirahisi, zikaja 1884, hapo spidi ndo ikawa spidi kweli.